Garimoshi Lisilofika Tukuyu

Wajerumani walipoyahamisha makao ya serikali yao kutoka ufukwe wa Ziwa Nyasa na kuyapandisha mlimani, mwanzoni mwa karne ya 20, waliupa mji mpya jina la ule wa zamani: Neu-Langenburg, yaani Langenburg Mpya. Wenyeji walipaita Tukuyu, na jina hilo ndilo lililobaki. Lile la kigeni lilitokana na ukoo wa Langen wa mji wa Cologne, ukoo wa Hedwig, mkewe Hermann von Wissmann, na wa baba yake Hedwig, Eugen Langen. Huyu Eugen alikuwa mtu wa mitambo. Mwaka 1864 alishirikiana na Nicolaus Otto kuanzisha kiwanda cha injini za gesi, na baadaye akabuni reli ambayo mabehewa yake huning'inia chini ya chuma badala ya kupita juu yake. Reli hiyo ilifunguliwa mjini Wuppertal mwaka 1901, miaka sita baada ya kufa kwake, na ingali inabeba abiria. Basi mji mdogo wa Unyakyusa, baina ya migomba na ukungu wa Mlima Rungwe, ulibebeshwa jina la mmoja wa mafundi wa reli wa Ujerumani. Garimoshi lenyewe halikuufikia kamwe.

Historia ya injini za Kidachi katika nchi zetu aghalabu husimuliwa kwa kuifuata njia, stesheni baada ya stesheni, kama msafiri aliyeketi dirishani. Lakini kila reli ina nchi mbili: ile iliyopitiwa na ile iliyorukwa. Tukuyu na Rungwe yote ni ya nchi ya pili, na mtu akiitazama reli kutoka huko huyaona mambo ambayo msafiri wa dirishani hayaoni.

Kwanza na ijulikane injini ya mizigo ilikuwa chombo gani. Huko kwao Ujerumani injini za mvuke zilipangwa kwa herufi kulingana na kazi zake, na zile za mizigo zilipewa herufi G, ya neno Güterzug, yaani treni ya mizigo. Iliyojulikana zaidi katika Prussia ni ile iliyoitwa G 8.1, iliyoanza kuundwa mwaka 1913 na ambayo ziliundwa karibu 5,000. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza nyingi zilitolewa kama fidia, zikatawanyika Ufaransa, Ubelgiji, Poland na kwingineko. Injini ya abiria ilipewa magurudumu makubwa na machache, kwa kuwa kazi yake ilikuwa mbio. Ya mizigo ilipewa magurudumu madogo na mengi, aghalabu manane yaliyofungwa pamoja kwa vyuma vya pembeni ili yazunguke kwa nguvu moja. Faida yake ilikuwa mbili: injini ilipata mshiko wa kuvuta mzigo mrefu bila ya kuteleza, na uzito wake uligawanyika, usiielemee reli mahali pamoja. Haikwenda kasi, na wala haikutakiwa kwenda kasi.

Umbo hilo ndilo lililovuka bahari, kwa kipimo kidogo. Reli za Ujerumani zilikuwa na upana wa milimita 1,435 baina ya chuma na chuma. Za Afrika Mashariki ya Kijerumani zilijengwa kwa upana wa mita moja tu, kwa sababu njia nyembamba huwa rahisi kujenga na hukubali kona kali zaidi. Kiwanda cha Henschel cha mjini Kassel, ambacho injini yake ya kwanza ilitoka mwaka 1848, kiliunda kwa ajili ya Reli ya Kati injini za magurudumu manane ya kusukuma, jamaa wa mbali wa zile za Prussia, nyepesi na zenye subira.

Zilikokwenda kunajulikana. Ujenzi ulianza Tanga mwaka 1893, na kwa miaka mingi ulijikongoja: Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905, Moshi mwaka 1911. Reli ya Kati ilianza Dar es Salaam mwaka 1905, ikijengwa na kampuni ya Philipp Holzmann, nayo ilikwenda kwa kasi nyingine kabisa: Morogoro mwaka 1907, Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwanzoni mwa mwaka 1914, masafa ya kilomita zipatazo 1,250. Wanyamwezi, ambao baba zao walikuwa wapagazi mashuhuri wa misafara iliyoshukia Bagamoyo, walikuwa miongoni mwa waliotia mikono yao kwa wingi katika tuta lililokuja kuimaliza kazi ya baba zao.

Watu wa pwani nao waliipokea reli kwa lugha yao. Zile nguzo za mlalo zinazoshikilia vyuma viwili visiachane waliziita mataruma, na taruma ni neno la mafundi wa vyombo, lililotumika kwa ubao wa kukaza na kuimarisha chombo. Gari la abiria au mizigo likaitwa behewa, neno ambalo zamani lilikuwa la ua wa ndani ya nyumba na la banda la kuwekea mali. Kwa hiyo aliyesimama stesheni ya Tanga na kutaja mataruma na mabehewa alikuwa bado yumo katika jahazi na katika nyumba ya mawe. Mdachi kwa upande wake aliacha maneno machache. Shule ni lake, na hela ni lake, kutokana na Heller, senti iliyoanza kutumika mwaka 1904. Mataruma yenyewe yaliwekwa ya chuma, kwa kuwa ya mbao yangeliwa na mchwa.

Chakula cha injini hizo kilikuwa kuni. Makaa ya mawe yangepaswa kuletwa kwa meli kutoka mbali, na gharama yake ilikuwa kubwa. Misitu na vichaka vilikuwa kando ya njia. Kwa hiyo palirundikwa kuni kando ya stesheni, na kila treni ilisimama si kwa ajili ya maji peke yake bali pia kwa ajili ya magogo. Jambo hili la kuni msomaji aliweke akilini, maana litarudi.

Nguvu ya injini ya mizigo huonekana kwa kile ilichobeba. Mwaka 1913 kiwanda cha meli cha Meyer huko Papenburg kiliunda meli kwa ajili ya Ziwa Tanganyika, kisha kikaifungua vipande vipande na kuvitia katika makasha yapatayo 5,000. Makasha hayo yalishushwa Dar es Salaam, yakapakiwa katika mabehewa na kuvutwa hadi Kigoma, na huko meli ikaungwa upya na kushushwa majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916, Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na tangu mwaka 1927 inaitwa Liemba. Meli nzima ilivuka nchi kutoka Bahari ya Hindi hadi mpaka wa Kongo, na hapana mtu aliyeibeba kichwani.

Ziwa Nyasa nalo lilipata meli yake ya Kijerumani, tena mapema zaidi, lakini kwa njia nyingine. Miaka ya 1892 na 1893 msafara wa Wissmann ulileta meli ya mvuke iliyopewa jina lake, ikiwa vipande. Hapakuwa na reli. Vipande viliingia kwa mlango wa Mto Zambezi, vikapanda Mto Shire, na pale maporomoko yalipoziba njia vilishushwa vikachukuliwa na watu nchi kavu, kisha vikaungwa juu ya maporomoko na meli ikaingia ziwani. Langenburg ya kwanza ilianzishwa kwenye ufukwe wa kaskazini-mashariki wa ziwa hilo, na kutoka huko ndiko utawala ulikopanda kuja Tukuyu.

Safari hiyo haikubaki katika vitabu vya Wajerumani peke yao. Salim bin Abakari, mtu wa Visiwa vya Ngazija aliyemtumikia Dk. Bumiller, mwenzake Wissmann, aliisimulia kwa Kiswahili katika maelezo yaitwayo Safari Yangu ya Nyassa, ambayo Carl Velten aliyachapisha mwaka 1901 katika mkusanyiko wa Safari za Wasuaheli. Salim huyohuyo baadaye alisafiri na bwana wake hadi Urusi na Siberia, akaisimulia safari hiyo pia. Ni jambo la kutiwa maanani kwamba habari za mvuke wa kwanza wa Kijerumani katika Ziwa Nyasa ziliandikwa mapema hivyo kwa lugha ya visiwani na pwani, na mtu aliyekuwapo.

Baada ya meli kufika, nchi ya Rungwe iliendelea kuishi kwa njia hiyo ya mzunguko. Wamisionari wa Moravia waliofika Rungwe mwaka 1891, na wenzao wa Berlin waliofika mwaka huohuo, walipata bidhaa zao kwa kupitia mito ya Wareno na maziwa ya Waingereza. Koloni la Mjerumani lilikuwa na wilaya ambayo mlango wake ulikuwa katika nchi za wengine. Aliyetaka kupita ndani ya koloni lenyewe, kutoka Kilwa au Lindi, alikuwa na wiki nyingi za mwendo wa miguu mbele yake.

Hesabu ya mwendo huo ni nyepesi kuifanya na nzito kuifikiri. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama kilo 30. Behewa moja la tani 10 ni sawa na mizigo ya watu zaidi ya 300. Injini moja ya Kassel ikivuta mabehewa kumi ya namna hiyo ilifanya kazi ya watu zaidi ya 3,000, na haikuhitaji mtama wala muhogo njiani. Wapagazi 3,000 walihitaji chakula kila siku, na chakula hicho ama kilibebwa na wapagazi wengine ama kilitolewa na vijiji vilivyo njiani, kwa hiari au kwa nguvu. Ndiyo maana katika nchi isiyo na reli mahindi hayakuweza kwenda mbali: kabla hayajafika sokoni, aliyeyabeba alikuwa amekwisha kula thamani yake. Nchi ya Rungwe ina udongo wa volkano na mvua inayopita milimita 2,000 kwa mwaka katika sehemu zake nyingi. Chakula kilijaa, na kikabaki kulekule kilikoota.

Wajerumani hawakuwa wajinga wa jambo hilo. Mwaka 1905 ilichapishwa taarifa ya Paul Fuchs, aliyetumwa kupima uchumi wa reli ya kusini, kutoka pwani ya Kilwa hadi Ziwa Nyasa. Lau ingejengwa, Rungwe ingekuwa jirani ya reli: injini za magurudumu manane zingefika ziwani, na mashua zingemalizia. Lakini mwaka uleule wa 1905, mwezi wa Julai, vita vya Maji Maji vilianza katika Vilima vya Matumbi, nyuma ya Kilwa, na kuenea hadi Liwale na Songea, yaani katika nchi hiihii ambayo reli ya kusini ingeipitia. Vita vilipokwisha mwaka 1907, na njaa iliyotumiwa kama silaha ilipomaliza kazi yake, kusini kulikuwa kumebaki mahame mengi. Gavana Rechenberg, aliyeshika madaraka mwaka 1906, aliitaka reli ielekee Unyamwezi, kwenye watu wengi na kilimo chao, na waziri wa makoloni Bernhard Dernburg, aliyeitembelea nchi mwaka 1907, aliiunga mkono sera ya reli. Fedha na injini zikaenda kati. Kusini kukabaki katika karatasi.

Maumbile nayo yalikuwa na neno lake. Ziwa Nyasa lipo kama mita 475 juu ya usawa wa bahari. Tukuyu ipo kama mita 1,600. Baina ya bonde la Kyela na mji huo hapazidi sana kilomita 50, na kaskazini milima ya Poroto inaziba njia ya Mbeya. Injini ya mvuke huuchukia mlima kuliko inavyouchukia umbali. Mtelemko wa mita mbili na nusu kwa kila mita mia ni mkali kwa treni ya mizigo, na hata kwa mtelemko huo reli ingepaswa kupanda bila ya kupumzika kwa zaidi ya kilomita 40. Lililowezekana lilikuwa ni reli ya kufika chini ya mlima.

Lakini chini ya mlima huohuo palikuwa na jambo la kustaajabisha. Katika miaka ya 1890 mjiolojia Wilhelm Bornhardt, akizunguka kusini mwa koloni, aliyaeleza makaa ya mawe yaliyo katika mabonde ya mito Songwe na Kiwira. Mto Kiwira hupita katika nchi ya Rungwe. Ndio unaopita chini ya Daraja la Mungu kabla ya kuteremka ziwani. Na hapa kuni zinarudi. Injini za Tanga na za Dar es Salaam zilikula misitu ya kando ya njia kwa kuwa makaa ya kununua yalikuwa ghali, na serikali iliyozimiliki ilikuwa imekwisha ambiwa kwamba makaa yamelala katika nchi yake yenyewe. Injini hazikuweza kuyafuata kwa kuwa hapakuwa na reli, na reli haikujengwa. Chakula cha mvuke na kinywa chake viliishi katika nchi moja bila ya kuonana.

Vita vya mwaka 1914 vilifika Nyasa kabla ya kufika kwingi. Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Kiingereza Guendolen iliishambulia Hermann von Wissmann ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo huko Sphinxhafen, leo Liuli, na kuilemaza. Mwezi wa Mei 1916 majeshi ya Jenerali Northey yalivuka mpaka kutoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, yakaitwaa Neu-Langenburg. Kwenye Reli ya Kati Wajerumani waliokuwa wakirudi nyuma walivunja madaraja na kuharibu injini na mabehewa ili adui asivitumie, na Dar es Salaam ikaanguka mwezi wa Septemba 1916. Kwa muda, basi, nchi nzima ikawa kama Rungwe: jeshi lililokuwa na mizinga na simu lilitegemea kichwa na mgongo wa mtu.

Waliochukuliwa kubeba walihesabiwa kwa mamia ya maelfu pande zote mbili, na waliokufa, aghalabu kwa kuhara, njaa na uchovu kuliko kwa risasi, ni makumi ya maelfu. Kikosi chao upande wa Waingereza, Carrier Corps, kimeacha jina lake katika soko na mtaa wa Kariakoo jijini Dar es Salaam. Mwaka 1927 ilizinduliwa katikati ya mji huo Sanamu ya Askari. Maandishi yake yanawataja wapagazi pia, lakini anayeonekana pale juu ni askari mwenye bunduki. Mwenye mzigo hakuchongwa.

Reli ya kusini-magharibi iliamka tena mikononi mwa Waingereza. Clement Gillman, mhandisi aliyefika nchini mwaka 1905 kuijenga Reli ya Kati chini ya Holzmann na baadaye akawa mhandisi mkuu wa Reli za Tanganyika, aliandika mwaka 1929 taarifa ya upimaji wa njia ya kuifungua sehemu hiyo ya nchi. Mtu aliyeijenga reli ya kwanza ndiye aliyeichora ya pili. Mwaka uleule mdororo mkubwa wa uchumi wa dunia ulianza, na mchoro ukafungiwa kabatini. Reli pekee iliyojengwa kusini na Waingereza ilikuwa ile ya mpango wa karanga, kati ya pwani ya Lindi na Mtwara na Nachingwea. Nayo ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, ikang'olewa.

Garimoshi lilipokuja kuikaribia Tukuyu, lilikuja kutoka upande ambao Fuchs hakuuwaza. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya mwaka 1970 na 1975, yenye kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilipita Mbeya, kama kilomita 70 kaskazini ya Tukuyu, nyuma ya milima ya Poroto. Moshi wa kuni haukuwapo tena: injini zake zilikuwa za dizeli tangu siku ya kwanza. Katika miaka ya 1980 ziliongezwa injini zilizoundwa Ujerumani na kiwanda cha Krupp cha Essen, ambacho enzi ya mvuke nacho kiliunda injini za mizigo. Hivyo injini ya Kijerumani ilifika nyanda za juu za kusini baada ya utawala wa Kijerumani kuondoka kwa zaidi ya miaka 60, ikivuta mzigo wa nchi mbili huru.

Makaa ya Kiwira nayo yalianza kuchimbwa kwa mgodi wa kisasa mwaka 1988, pia kwa msaada wa China. Yalipochimbuliwa, injini ya mvuke iliyokuwa iyale ilikuwa imekwisha kustaafu, naye mnunuzi aliyeyataka aliyapata kwa lori. Habari za reli kutoka Mtwara hadi Ziwa Nyasa zimeandikwa na kuandikwa tena katika mipango ya serikali, miaka zaidi ya mia moja baada ya taarifa ya Fuchs.

Kila injini iliyotoka Kassel ilipigiliwa ubavuni kibati chenye jina la kiwanda, namba yake na mwaka wa kuundwa. Kwa namba hizo wapenzi wa reli wa Ulaya wanaweza kuifuata injini moja tangu kiwandani hadi ilikovunjwa, na wameandika vitabu. Aliyebeba kasha la mmisionari kutoka ziwani hadi Rungwe, au sanduku la risasi kutoka Tukuyu kuelekea Iringa mwaka 1916, alifanya kazi ileile ya injini, mahali ambapo injini haikupelekwa. Pwani ina tenzi za vita vya Mdachi, kuanzia ule wa Hemedi bin Abdallah al-Buhriy juu ya kutamalaki Mrima hadi ule wa Abdul Karim bin Jamaliddini juu ya Maji Maji. Mpagazi wa Rungwe anadai nafasi katika ukoo huo wa tungo, pamoja na uzito wa mzigo wake na urefu wa njia yake.